Mungu wa Kike Asiye na Uso: Kafara katika Riwaya ya Mwisho ya C. S. Lewis

Wanafunzi wa theolojia wanamfahamu C. S. Lewis kwa vitabu vyake vya kuitetea imani, na wasomaji wengine wanamfahamu kwa hadithi za nchi ya Narnia alizowaandikia watoto. Riwaya yake ya mwisho, Till We Have Faces, iliyotolewa London mwaka 1956, husomwa na wachache. Ilipotoka haikupata wanunuzi wengi, ingawa mwandishi mwenyewe aliihesabu kuwa bora kuliko hadithi zake nyingine. Twaona kwamba katika hili mwandishi alikuwa na haki kuliko wanunuzi. Tunaishughulikia katika kurasa hizi kwa sababu inagusa mahali ambapo mahubiri yetu ya Ijumaa Kuu yana udhaifu, nayo inapagusa bila huruma.

Nchi ya hadithi hii ni Glome, ufalme mdogo wa kubuniwa, ulio mbali na Wagiriki kiasi cha kuwasikia kwa fununu tu. Mungu wao mkuu ni wa kike, jina lake Ungit. Hana sanamu. Yeye ni jiwe jeusi lisilo na kichwa, mikono wala uso, ambalo wenyeji husema lilijisukuma lenyewe kutoka ardhini hapo kale. Hekalu lake ni giza, moshi, mafuta na harufu ya damu iliyokauka, nayo harufu hiyo humfuata kuhani wake mzee kila aendapo, hata watoto wa mfalme humjua kwa pua kabla ya kumwona. Baadaye kuhani kijana, Arnom, aliyepata elimu ya Kigiriki, anaeleza kwamba Ungit ni ardhi yenyewe, tumbo na mama wa vyote vyenye uhai. Malkia Orual, ambaye ndiye msimulizi, anamwuliza swali ambalo kila mwalimu wa dini angefaa kuulizwa mara moja katika maisha yake: ikiwa maana yake ni hiyo tu, kwa nini ifungwe katika hadithi za ajabu namna ile? Arnom hana jibu la kuridhisha.

Lewis hakubuni kila kitu. Hadithi ya Psyche, msichana mzuri aliyeachwa mlimani awe bibi arusi wa mnyama wa kutisha, aliichukua kwa Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Madaura, katika Afrika ya Kirumi, nchi ambayo leo ni Algeria. Augustino alisoma katika mji uo huo alipokuwa kijana, na katika kitabu cha 8 cha Mji wa Mungu alibishana kwa kirefu na mafundisho ya Apuleius juu ya roho za kati ya miungu na wanadamu. Basi tukiisoma hadithi hii hatuko ugenini kabisa. Kwa Apuleius dada zake Psyche waliliona jumba alimokaa na mume wake asiyeonekana, wakaingiwa na wivu. Lewis alibadili jambo moja: dada haoni kitu. Orual anasimama mbele ya jumba la mungu na macho yake yanaona bonde, majani na mvua. Badiliko hilo moja ndilo linaloifanya hadithi ya zamani kuwa kitabu kuhusu imani.

Sadaka yenyewe inaandaliwa hivi. Glome imepatwa na ukame. Mto Shennit umepungua, tauni imeingia, simba wameonekana karibu na makazi, na maadui wako mpakani. Psyche, binti mdogo wa mfalme, amewagusa wagonjwa na baadhi yao wamepona, kwa hiyo umati umekuwa ukimwabudu mlangoni. Lakini tauni haikomi, na umati ule ule unaanza kunong'ona kwamba yeye ndiye Mlaaniwa, kwamba amejifanya mungu na Ungit ameona wivu. Ndipo kuhani mzee anapofika kwa mfalme na kusema kwamba Sadaka Kuu yatakiwa. Mfalme anadhani kura imemwangukia yeye, naye anamwekea kuhani ncha ya kisu ubavuni. Kuhani, aliye kipofu, hatikisiki. Mfalme aambiwapo kwamba kura ilimwangukia Psyche, anapumua. Hakuna kitu katika riwaya nzima kilichotuchoma kama pumzi ile ya baba. Kisha Orual anaomba afe badala ya mdogo wake. Mfalme anamburura hadi mbele ya kioo kikubwa na kumwonyesha sura yake mbaya: Ungit ameomba kilicho bora kuliko vyote nchini, na wewe unataka apewe hiki?

Hapa ndipo panapotokea mabishano ambayo tungependa kila darasa la dogmatiki liyasome. Katika nyumba ya mfalme yumo mtumwa wa Kigiriki aitwaye Mbweha, mwalimu wa mabinti, mtu mwema, mfuasi wa falsafa ya Wastoa. Anamwonyesha mfalme kwamba maneno ya kuhani yanapingana. Mara Mnyama ni kivuli, mara ni mwana wa Ungit. Mara mwenye kutolewa ni mtu mbaya kuliko wote, aliyeleta laana. Mara ni mtu bora kuliko wote, asiye na waa. Mara atakuwa bibi arusi, mara atakuwa chakula. Kwa mantiki Mbweha ameshinda. Kuhani hakanushi hata neno moja. Anajibu tu kwamba mambo matakatifu si mepesi wala maangavu kama Mgiriki atakavyo, na kwamba elimu ya Kigiriki haileti mvua.

Tumemsikia Mbweha akisema katika vyuo vyetu, na yawezekana kwamba tumesema kwa sauti yake sisi wenyewe tukiwa na chaki mkononi. Tunawafundisha vijana kwamba matambiko ya wazee yalikuwa hofu na ujinga, kisha tunawatuma usharikani wakahubiri damu ya Mwana-Kondoo, tukishangaa kwamba hawajui waanzie wapi. Lewis hamdharau Mbweha; anampenda kuliko mtu yeyote katika kitabu hiki. Walakini katika sehemu ya pili, katika maono, anamfanya akiri kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alimlisha mwanafunzi wake maneno mepesi, na kwamba kuhani yule mwenye kunuka damu alijua jambo ambalo yeye hakulijua, yaani kwamba sadaka haina budi kuwapo.

Je, Lewis anaitetea kafara ya binadamu? La. Msomaji aliyemsoma René Girard, Mfaransa ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu cha La Violence et le sacré, atatambua mara moja kinachotendeka Glome, ingawa Lewis aliandika miaka 16 kabla yake. Jamii iliyo katika taabu inatafuta mtu mmoja wa kubeba taabu hiyo. Yule yule aliyeabudiwa jana analaaniwa leo. Akiisha kuondolewa, watu wanapata amani, nao wanaamini kwamba amani hiyo imetoka kwa mungu. Mfalme aliyechukiwa anashangiliwa tena. Wachungaji waliofanya kazi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza hawahitaji kuelezwa na Mfaransa. Wamewazika bibi wazee waliouawa kwa kisingizio cha macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni za miaka hamsini. Lugha yetu wenyewe inakijua kitendo hiki: twasema fulani ametolewa kafara, na tunaposema hivyo ofisini au katika siasa hatumaanishi kamwe kwamba Mungu aliomba.

Neno hili kafara linastahili tulitazame. Lilitujia kutoka Kiarabu, nalo lina mzizi mmoja na lile neno la Kiebrania kipper, ambalo kitabu cha Mambo ya Walawi hulitumia kwa upatanisho wa dhambi. Katika Kiyunani cha kawaida, kitenzi hilaskomai kilitumika kwa wanadamu wanaomtuliza mungu aliyekasirika: mtu ndiye mtendaji, mungu ndiye mtendewa. Waraka kwa Waebrania 2:17 hautumii hivyo. Kinachoshughulikiwa na kuhani mkuu pale ni dhambi za watu. Katika Warumi 3:25 ni Mungu mwenyewe anayemtoa Kristo, na katika 2 Wakorintho 5 ni Mungu anayeupatanisha ulimwengu na nafsi yake. C. H. Dodd alijenga juu ya hoja hii katika miaka ya 1930, akasema kwamba wazo la kumtuliza Mungu limefutwa katika Biblia. Leon Morris alimjibu mwaka 1955 kwamba Dodd ameikimbia hasira ya Mungu, ambayo Paulo anaianza Warumi kwayo. Twadhani Morris alikuwa na haki kuhusu hasira, na Dodd alikuwa na haki kuhusu nani anayetoa.

Nasi Walutheri tusijifanye kwamba jambo hili limekwisha kwetu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 3, linasema kwamba Kristo aliteswa na kufa ili ampatanishe Baba nasi. Halisemi atupatanishe sisi na Baba tu; mwelekeo wa maneno ni ule mwingine. Melanchthon alijua alichoandika. Katika Utetezi wa Ungamo hilo, kifungu cha 24, alitenga sadaka ya upatanisho na sadaka ya shukrani, akasisitiza kwamba ya kwanza ni moja tu duniani, mauti ya Kristo, na kwamba zetu zote ni za namna ya pili. Kwa hiyo Walutheri hatuwezi kuungana na Mbweha na kusema kwamba hakuna hasira ya kutulizwa. Luther alimwogopa Mungu kwa hofu ambayo kuhani wa Glome angeitambua. Maneno yake ya mwaka 1525 juu ya Mungu aliyefichika hayamfai mtu atakaye dini iliyo angavu.

Lakini sikiliza mahubiri yetu. Baba amekasirika, anataka damu, wakosaji ni sisi, anatafuta asiye na waa, anampata Mwanawe, anampiga, anaridhika. Tumeyasikia haya kila Ijumaa Kuu, tumeyahubiri, na washarika wamelia. Yaweke maneno hayo kinywani mwa kuhani wa Ungit na hutabadili hata moja. Kosa la mahubiri hayo haliko katika damu, wala katika hasira. Liko katika kumtenga Baba na Mwana, kana kwamba mmoja ni jiwe jeusi na mwingine ni msichana aliyefungwa kwenye mti mlimani. Anselm, aliyemaliza Cur Deus Homo mwaka 1098 na ambaye hulaumiwa kwa mambo haya, hakufanya kosa hilo. Kwake anayelipa ni Mungu. Gustaf Aulén, Mlutheri wa Sweden, alijaribu mwaka 1930 kuturudisha kwenye picha ya Kristo mshindi dhidi ya mauti na ibilisi, na Lewis mwenyewe alikaribia picha hiyo katika kitabu cha kwanza cha Narnia mwaka 1950, ambamo simba Aslan anauawa juu ya meza ya jiwe kwa sababu mchawi ana haki juu ya damu ya msaliti. Wahubiri wanaoijua hadithi ya Aslan huipenda, kwa kuwa anayedai damu pale ni adui. Katika Glome anayedai ni mungu. Kwa sababu hiyo twaiona Glome kuwa kitabu cha mtu mzima zaidi.

Onyesho ambalo tungemshauri kila mchungaji alisome, hata kama hana nafasi ya kusoma mengine, liko karibu na mwisho. Orual amekuwa malkia, naye amekaa hekaluni asubuhi ya sikukuu ya kuzaliwa kwa mwaka. Arnom amekwisha kuleta sanamu mpya iliyochongwa kwa mtindo wa Kigiriki, mwanamke mzuri mwenye uso, naye ameisimamisha hekaluni. Anaingia mwanamke mkulima, maskini, akilia, na mkononi ana njiwa hai. Anaipita sanamu. Njiwa anachinjwa, damu inamwagika juu ya jiwe la zamani, na yule mwanamke anajitupa chini na kulia kwa muda mrefu. Anapoinuka ametulia. Huzuni yake haijaondoka, lakini amepata nguvu ya kuendelea na kazi ya siku. Malkia anamwuliza kama amefarijiwa, na kama huwa anamwomba yule mwingine, mwenye uso. Mwanamke anaeleza kwamba yule ni wa wakubwa na wasomi. Asingeielewa lugha yake.

Tuliposoma hapo tulifunga kitabu kwa muda. Kila aliyekaa usharikani miaka kadhaa anamjua mwanamke huyu. Yuko katika kwaya, ametoa sadaka yake, jina lake limo katika kitabu cha washarika, na mtoto akiugua anapita mbele ya nyumba ya mchungaji usiku akielekea kwingine. Tukimhubiria dhidi ya njiwa wake bila kumwambia neno lingine, tumemletea sanamu ya Arnom. Na Maandiko hayamcheki mwenye njiwa: Walawi 5 na 12 iliiruhusu sadaka hiyo kwa asiyeweza kumpata mwana-kondoo, nayo ndiyo Mariamu na Yusufu waliyoileta hekaluni, kwa mujibu wa Luka 2:24. Luther alipoandika mwaka 1520 juu ya utumwa wa kanisa chini ya Babeli, aliligeuza tendo la altare kichwa chini: hatumpi Mungu kitu pale, twapokea agano, kama warithi wanaosomewa wosia wa marehemu. Ni mafundisho makubwa. Ila hofu yetu ni kwamba tumeyafundisha kwa namna ambayo mwanamke wa njiwa anayasikia kuwa: usilete kitu, usilie hapa, keti. Mtu ambaye hana pa kumwaga machozi hatafahamu kwamba anapewa.

Sehemu ya pili ya riwaya ni fupi, nayo ndiyo inayogeuza mashtaka. Orual ameandika kitabu chake chote ili kuwashitaki miungu kwamba walimnyang'anya Psyche. Kisha mashahidi wanakuja mmoja mmoja. Anasikia kwamba Redival, dada yake wa kati, aliachwa mpweke tangu Orual alipompata Psyche. Bardia, jemadari wake mwaminifu, anakufa, na mjane wake Ansit anamwambia malkia usoni kwamba kazi ya ikulu ilimla mume wake hadi hapakubaki kitu cha kurudi nyumbani. Mbweha aliachwa huru, lakini hakurudi Ugiriki, kwa kuwa Orual hakuweza kumwacha aende. Psyche mwenyewe alilazimishwa kuwasha taa na kumtazama mungu aliyekatazwa, kwa sababu dada yake alijichoma mkono kwa kisu na kuapa kwamba atawaua wote wawili. Mwishowe, katika maono, baba aliyekufa anamshusha chini ya sakafu hadi mbele ya kile kioo cha zamani na kumwuliza Ungit ni nani. Orual anaona uso wake mwenyewe.

Mungu wa kike anayekula watu ni upendo wetu. Lewis hasemi hivyo kwa maneno haya, lakini ndivyo tuelewavyo, na hatujui mwandishi mwingine aliyemwonyesha mtu wa dini jambo hili kwa ukali kiasi hiki. Mama anayemtoa binti, mchungaji anayeitoa familia yake kwa ajili ya usharika na kuiita hali hiyo wito: wao pia wana jiwe lao.

Hata hivyo twamlaumu Lewis katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba mvua ilinyesha. Mara baada ya Psyche kutolewa upepo unageuka, mto unajaa, simba wanaondoka, naye mwandishi hatuambii kama hilo ni tendo la miungu au ni majira tu. Twafahamu kwamba amekusudia fumbo. Lakini msomaji wa kwetu, ambaye amesikia mvua ikitumiwa kama ushahidi, anahitaji fumbo hilo lifunguliwe zaidi ya msomaji wa Oxford.

La pili ni zito zaidi. Psyche hakufa. Yule aliyeachwa kwenye mti alipata jumba na mume, na baadaye anatukuzwa. Kwa njia hii ubaya wa Sadaka Kuu unayeyuka, na jambo zima linakuwa ugonjwa wa moyo wa Orual ambao yeye mwenyewe apaswa kuponywa. Wasichana wa hekaluni, waliopakwa rangi nyuso na kuketishwa kwa safu kama wanasesere, Orual anawaona, anasikitika juu ya miaka yao inayopotea, na kitabu kinaendelea. Hatuambiwi kwamba yeyote kati yao alipata jumba. Injili haitengenezi mambo hivyo. Mwili uliotoka kaburini una alama za misumari, na Tomaso alialikwa kuzigusa.

Pamoja na hayo Lewis anatoa picha moja ambayo hatukuitazamia. Kazi ya mwisho ya Psyche ni kwenda katika nchi ya wafu na kuleta kisanduku cha uzuri, na uzuri huo si wake. Ni wa kumpa Ungit, ili Ungit naye awe mzuri. Aliyetolewa kwa mungu asiye na uso anamletea uso. Orual anashirikiana naye katika mzigo huo bila kujua, na yeye pia anabadilika. Siku chache baadaye anakufa akiandika, kichwa chake kimeanguka juu ya ukurasa na kuyaharibu maneno ya mwisho. Anayetueleza haya ni Arnom, katika maandishi mafupi aliyoyaongeza mwishoni. Ni kuhani wa Ungit, lakini anapotia sahihi anajiita kuhani wa Aphrodite.